Kweupe Mbooni

Kwetu mto ni mchanga. Mgeni akija anauliza mto uko wapi, na wakati huo amesimama ndani yake. Nimezaliwa Makueni, chini ya milima ya Mbooni, upande wa joto, na maji niliyokunywa utotoni yalichimbwa kwa bakuli. Unapiga magoti katikati ya mto mkavu, unafukua mchanga mpaka uanze kulowa, unafukua tena, unangoja. Maji yanakuja polepole, yakiwa meupe, kisha yanatulia. Punda naye amesimama pembeni na mitungi yake, amekununia kana kwamba ni wewe uliyeufanya mto ukauke.

Mto wa namna hii una hatari moja. Mvua ikinyesha kule Mbooni, hata kama kwetu jua linakaanga watu, maji yanateremka yote kwa pamoja, rangi ya udongo, yakiburuta magogo na mbuzi wa wenyewe. Kwa hivyo mama alikuwa na amri moja ambayo haikuwa na msamaha. Kabla mguu haujagusa mchanga, geuka utazame Mbooni. Kukiwa na wingu, rudi nyumbani hata kama mtungi ni mtupu. Kukiwa kweupe, teremka.

"Umetazama?" alikuwa akipaza sauti kutoka jikoni.

"Kweupe, mwaitu!" tulimjibu. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

"Haya, teremka."

Tulikua na maneno hayo mpaka yakawa kama salamu. Ndugu yangu, kitindamimba wetu, aliyajua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mimi ndimi mkubwa, nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea uzito wake, na hata nilipoolewa huku Matinyani, upande wa Kitui, nikafungua kibanda changu cha kushona sare za shule, alikuwa akija kunitembelea ananikuta nimeinama juu ya cherehani na kunipigia kelele mlangoni: "Umetazama?" Nami namjibu kweupe, ingia, na usiniguse vitambaa na hiyo mikono.

Alipokuwa mtu mzima akaenda Mombasa kutafuta kazi ya mjengo. Hakwenda peke yake. Alikwenda na kijana wa jirani yetu. Walizaliwa msimu mmoja, wakachunga pamoja, wakapigwa pamoja. Mama zao nao walikuwa chanda na pete. Walikuwa kwenye kikundi kimoja cha mwethya, wale akina mama wanaochimbiana mitaro ya mashamba kwa zamu, na kanisani walikaa benchi moja tangu nipate akili. Mmoja akikosa chumvi hakuuliza, aliingia tu kwa mwenziwe akachukua.

Mambo yaliyotokea Mombasa nayasema kama yule rafiki alivyotueleza, maana ndiye pekee aliyekuwepo.

Ilikuwa Jumapili, hakuna kazi. Walikuwa na wiki chache tu mjini, na bahari walikuwa wameiona kwa mbali, wakiwa juu ya majengo na ndoo za saruji mabegani. Asubuhi hiyo wakaamua kwenda kuiona vizuri. Walipofika, haikuwepo. Maji yalikuwa yameondoka, yameacha mchanga uliolowa, na miamba, na vidimbwi, mbali mpaka kule yalikoonekana meupe kidogo. Ndugu yangu akacheka sana. Akasema, "Kumbe hata huku mto umekauka!"

Simu yake haikuwa na chaji. Akaomba ya rafiki yake, akampigia mama. Mama alitoka nje ya kanisa kuipokea, watu walimwona. Baadaye tulipomuuliza waliongea nini, alisema walisalimiana tu. Basi ndugu yangu akarudisha simu, akavua viatu, akamwachia rafiki yake avishike. Rafiki yake anaogopa maji, hakuthubutu kukanyaga ule mchanga hata hatua moja. Alikaa pale pakavu, viatu vya mwenzake mapajani, akimtazama akienda akipungua. Alikwenda mpaka kwenye miamba. Aliinama inama huko kama mtu anayefukua.

Halafu maji yakarudi. Hayakuja kwa mbele kama mto wetu, na hayakutoa onyo. Mto wetu unanguruma kabla haujafika, unapata nafasi ya kukimbia. Bahari inanguruma siku nzima, sasa utajuaje ni ngurumo gani ya kuogopa? Maji yaliingia kwa pembeni, yakajaza mabonde ya nyuma yake kwanza, na alipogeuka palikuwa na maji kati yake na nchi kavu. Rafiki yake alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Ndugu yangu hakujua kuogelea. Angejifunzia wapi? Kwenye bakuli?

Mimi na baba mdogo ndio tulioenda kumchukua. Sipendi kuyaeleza hayo, na sitayaeleza. Nitasema tu kwamba nilipokuwa nimekaa ufukweni nikingoja karatasi za hospitali, mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo aliniletea kipande bila kuniuliza, akakaa karibu yangu. Akasema, "Pole, dada. Ilikuwa bamvua. Mwezi ulikuwa umekwisha, mpya haujaandama. Siku hizo maji hutoka mbali sana, na yakirudi hurudi yote. Kwani kwenu hawajui?"

Kwetu hawajui. Nilimkasirikia yule mama, Mungu anisamehe, na mihogo yake nikaila.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na baba. Wakaja watu wa kanisa, na kila mmoja ana methali yake mkononi. Mmoja akanishika mabega akaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Woi! Unamwambia hivyo mtu aliyezika ndugu aliyekufa maji? Nilimwangalia mpaka akaenda kusaidia kugawa chai.

Mama hakulia. Alikaa kwenye mkeka akisuka kyondo chake, kikapu cha kwetu, kamba ya katani ikipita vidoleni, na rafiki wa ndugu yangu alipomaliza kueleza kwa mara ya pili au ya tatu, mama akainua uso.

"Siku hiyo Mombasa ilinyesha?"

"Hapana, mama. Kulikuwa na jua."

"Juzi yake?"

"Hapana."

"Sasa hayo maji yalitoka wapi?"

Kijana angejibu nini? Yeye pia ni mtoto wa mto wa mchanga. Mama akasema, mbele ya watu wote, "Maji hayaji bila mvua. Huyu kijana anaficha kitu."

Hayo maneno manne ya mwisho yalitembea kuliko gari. Kabla matanga hayajaisha yalikuwa yamefika sokoni, na kila mdomo uliyapaka mafuta yake. Eti waligombana. Eti ni msichana. Eti alimsukuma. Jirani yetu, mama yake yule kijana, alikuja asubuhi na uji kwenye chupa, akasema "Nuvoo?", ile salamu yetu ya kuulizana amani, na mama akaendelea kusuka. Mwanamke akasimama pale na chupa yake. Akarudi nayo. Jumapili iliyofuata akakaa benchi la nyuma, peke yake, na mimi niliyekaa na mama niliona aibu mpaka shingo ikawa moto.

Kijana mwenyewe hakurudi Mombasa. Alijifungia kwao. Akitoka kuchota maji watoto wanaacha kuchimba wanamtazama. Alikonda, shati likawa la mtu mwingine. Baba mdogo, ambaye anapenda sana kesi, akaanza kusema ukoo ukae, kijana aje ale kiapo. Si kiapo cha mahakamani na Biblia. Alimaanisha kile cha zamani, kithitu, ambacho ukikila kwa uongo kinakula watu wa nyumba yako mmoja mmoja, na ambacho walokole wetu wanajifanya hawakijui lakini wakikisikia wanashusha sauti. Na atakayekataa kukila amejihukumu. Hana tena mahali pa kukaa katika kijiji kile, wala mama yake hana.

Ndipo nikaingiwa na hasira ya kujifunza bahari.

Nilijifunza nikiwa Matinyani, mbali na bahari, kwenye kibanda, simu ikiwa imeegemezwa kwenye cherehani. Nikasoma na kitabu cha shule cha binti yangu. Nilisoma huku nashona, nakosea, nafumua. Na nilichokielewa ni hiki. Mwezi unavuta. Unavuta dunia yote, lakini maji ni mepesi kusogea, kwa hivyo bahari inavimba upande unaoelekea mwezi, na inavimba pia upande wa pili, na katikati inapungua. Dunia inapozunguka, kila ufuo unapita kwenye uvimbe na kwenye upungufu: maji kujaa, maji kupwa, mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kidogo kwa sababu mwezi nao unachelewa kuchomoza. Jua pia linavuta. Ni kubwa mno lakini liko mbali, kwa hivyo nguvu yake hapo haifikii ya mwezi.

Kilichonishinda kwa siku nyingi ni hiyo bamvua. Kwa nini iwe mwezi ukiwa mpevu, na tena iwe mwezi ukiwa haupo? Nikaelewa nikiwa nimeshika kitambaa cha sweta. Kitambaa kile kinavutika. Ukikivuta kwa urefu, kinarefuka na katikati kinakonda. Akija mtu mwingine akavuta kwenye mstari huo huo, upande wako au upande wa pili, haidhuru, kinarefuka zaidi. Lakini akivuta kwa upana, anakunyang'anya ule urefu. Basi mwezi mpevu na mwezi mchanga, jua na mwezi viko kwenye mstari mmoja, na bahari inavutwa sana: inajaa kupita kiasi, inatoka kupita kiasi. Mwezi ukiwa nusu, kimoja kinavuta huku kingine kule, maji yanakuwa mafu.

Niliacha mashine nikalia. Maana nilihesabu siku ile nikajua mwezi ulikuwa wapi. Ulikuwa mbinguni mchana ule ule, pembeni mwa jua, umegeuzia upande wake wa giza kwetu, na hakuna jicho la mtu ambalo lingeuona. Ndugu yangu aliangalia juu akaona kweupe. Na ilikuwa kweupe kweli.

Nikachukua gari nikaenda kwa mama, na kile kitambaa cha sweta begani. Nilimweleza mchana kutwa. Nilivuta kitambaa, nikamfanya yeye avute upande mmoja, nikamwita mtoto wa njiani avute upana. Mama alivuta alipoambiwa avute. Nilipomaliza akaniuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mwezi nimeuona tangu nizaliwe. Haujawahi kunimwagia hata kikombe cha chai."

"Mama, kikombe ni kidogo! Unavuta huku na huku sawa sawa. Bahari ni kubwa, ndiyo maana..."

"Na mto wetu je? Na huo ni kikombe?"

"Huo hauna maji, mama!"

"Basi niachie kitambaa, nifutie meza."

Aii, mama huyu! Nilitoka nje nikakaa na kuku. Nilijua ananielewa. Mama si mjinga. Huyu ni mtu anayekuambia kesho kutanyesha kwa kuangalia mchwa. Macho yake yalipokuwa yakifuata kile kitambaa niliyaona, yalielewa mapema kuliko yangu. Alikuwa amekataa tu, na sikujua ni nini anachokikataa. Nilidhani ni ugumu wa moyo. Nilimchukia kidogo siku hiyo, nasema ukweli.

Siku ya ukoo ikafika. Walikaa uani kwetu kwenye viti vya plastiki vya kanisa, chini ya turubai lile lile la matanga. Baba mdogo amevaa koti la harusi. Kijana akaja na mama yake, wakapewa viti vya mbele, mbali na wengine, na yule mama alikuwa amefunga kitambaa kichwani vizuri sana, kama anayekwenda kupigwa picha. Mama yangu alikaa upande wetu na kyondo chake. Hata siku hiyo alisuka.

Baba mdogo akazungumza mpaka akachoka. Akamwambia kijana aeleze. Kijana akaeleza vile vile, maneno yale yale, macho chini. Alipofika mahali pa simu akasema, "Akampigia mama, wakasalimiana," akaendelea.

Mimi nikasimama bila kuitwa. Nikasema habari ya mwezi na jua na bamvua, na kitambaa cha sweta nilikuwa nimekuja nacho. Wazee wawili wakatikisa kichwa. Mmoja akasema alishafanya kazi Mombasa, ni kweli bahari hutoka na kurudi. Baba mdogo akasema hatukuja shuleni.

Kisha akamgeukia kijana. "Ulisema yote?"

Kijana akakunja mikono ya shati lake.

"Nimekuuliza. Kuna kitu umekibakiza?"

Hapo akainua macho, na hakumtazama baba mdogo. Alimtazama mama yangu. Akamtazama kwa muda, kama mtoto anayengoja kuambiwa avuke au arudi. Mama yake akaanza kulia kimya kimya, maana sote tuliona kwamba kweli kipo kitu. Kijana akasema, "Hakuna. Nileteeni hicho kiapo. Nitakula."

Yaani angekula kithitu kwa uongo. Ndipo kamba ya katani ikamdondoka mama.

"Mwacheni," akasema. "Mwacheni mtoto wa watu."

Akasimama. Sijawahi kumwona mama akisimama mbele ya wanaume bila kuombwa. "Anaficha kitu, nilisema, na nilisema kweli. Ananificha mimi. Mtoto wangu alinipigia akaniambia, mwaitu, nimeona mto mkubwa hauna ng'ambo, nao umekauka. Nikacheka. Nikamuuliza umetazama Mbooni? Akaniambia Mbooni haionekani huku, lakini kweupe kila mahali. Na mimi nikamwambia, haya." Akaiangalia ile kamba chini. "Nikamwambia, haya, teremka."

Miezi yote hiyo! Mama alikuwa ametafuta mvua Mombasa, ametafuta msichana, ametafuta ugomvi, chochote kile, kwa sababu bahari ikiwa inarudi yenyewe bila mvua, basi aliyemteremsha mwanawe ni yeye. Na kijana wa watu, mwenye simu, alikuwa amesikia kila neno la mama kwenye spika, akarudi nyumbani nalo, akaitwa muuaji, na hakulitema.

Kijana akaondoka kwenye kiti chake. Akavuka ule uwanja uliokuwa kati yetu, akachuchumaa mbele ya mama. Akasema, "Mwaitu, sikiliza. Wakati anakupigia alikuwa ameshateremka. Alikuwa ameshafika kati. Ungemwambia rudi, asingekuwa na njia."

Mama akamtazama. "Unasema kweli?"

"Kweli, mama."

"Alikuwa ameshateremka?"

"Zamani."

Mama akaketi chini pale pale kwenye vumbi, akakishika kichwa cha yule kijana, akalia kilio ambacho hakukilia tulipozika. Jirani yetu akaja akamkalia upande wa pili. Baba mdogo akaangalia saa yake. Watu wakaanza kuinuka kwa aibu, wakibeba viti vya kanisa.

Mimi nikaenda jikoni kupakua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, maana wageni hawaondoki hivi hivi hata kama walikuja kwa kiapo. Nikiwa na mwiko mkononi ndipo akili yangu ikarudi kule ufukweni. Simu ilikuwa ya huyu kijana. Na huyu kijana hakukanyaga ule mchanga hata hatua moja. Ndugu yangu alipiga akiwa amesimama pakavu, karibu naye, viatu bado viko miguuni.

Mama aliingia akanikuta nimesimama na mwiko. Macho yalikuwa yamevimba. Alinitazama, na nilijua kwamba amehesabu kama nilivyohesabu mimi, pengine kabla yangu. Namba iliyoingia kanisani aliiona mwenyewe.

"Huyo mtoto," akasema, "mwekee nyama. Na umwekee nyingi."